Mdomo wa Sili

Ililetwa Igogo juu ya guta, imefunikwa gunia
kama mgonjwa asiyetaka kutazamwa:
silinda ya mkono wa kijiko cha Bi Minza,
kijiko kinachosaga vilima vya Buhongwa kuwa viwanja.

"Haivuji hata tone," alisema.
"Lakini jioni nauacha mkono umeinuliwa,
alfajiri naukuta umelala, meno yamo ardhini,
na hakuna aliyeugusa."

Niliipangusa kwa dizeli. Krom ikang'aa
hadi nikaiona pua yangu.
Nikamwambia Ndaki: ugonjwa huu uko ndani.
Kinachovuja nje hukupaka mikono, ukakijua.
Kinachovuja ndani huhama chumba hiki kwenda kile,
na sakafu inabaki kavu.

Tukaibana kwenye jiliwa. Kifuniko kikakataa.
Spana ya mnyororo, bomba la mita moja na nusu,
sisi wawili tumening'inia kama popo,
bado kikakataa.
Nikakipasha moto polepole, nikinusa rangi ikiungua,
hadi kikasema *ng'e*,
sauti ya mlango wa mtu aliyekubali kusuluhishwa.

Shafti ikatoka ikinyonya hewa.
Mafuta meusi yakajaa karai,
yananuka chungu kilichosahaulika motoni.

Ndipo wakaja wadudu wa ziwani,
moshi usio na moto, wakaifuta Capri Point yote.
"Funika!" nikapiga kelele, na Ndaki
akavua fulana akaiziba silinda,
akasimama kifua wazi, wadudu kopeni, wadudu masikioni,
akicheka na kutema.
Bawa moja likinaswa kwenye sili, kazi inarudi.

Walipopita niliigeuza pistoni kiganjani.
Sili mbili, kila moja na mdomo wake:
mmoja utazame mbele, mmoja nyuma,
walinzi waliopeana migongo.
Shinikizo likija, mdomo hutanuka, hushika ukuta.
Ya kwanza ilikuwa sawa.
Ya pili ilikuwa inautazama mgongo wa mwenzake.

"Mjinga gani alifunga hivi?" akauliza Ndaki.
Jibu nilikuwa nalo tayari, ninalo siku zote:
hao mafundi wa Nyakato.
Lakini kwenye nati palikuwa na nukta tatu za tindo,
zimepangwa kama mafiga.
Mwanza nzima, anayepiga mafiga ni mimi.

Machi. Umeme ulikatika, nikafunga kwa tochi ya simu,
chaji asilimia nne,
Bi Minza amekaa juu ya tairi akihesabu saa.
Naweza kukupa sababu zote hizo.
Sili haizijui.

"Ni mimi," nikasema.
Ndaki akaokota msasa, akasugua
kitu ambacho hakikuhitaji kusuguliwa.

Tukasugua kuta za silinda. Sili mpya tukazilainisha
kwenye maji ya moto, ndani ya birika la chai.
Kabla ya kila moja nilimtaka aseme kwa sauti:
mbele. Nyuma.
Akasema. Kisha nikasema mimi.

Bi Minza alikuja na pochi.
"Sili, na mafuta lita kumi," nikamtajia.
"Na ufundi?"
"Ufundi ulishanilipa Machi."
Alinitazama kitambo. Hakuuliza.
Akahesabu noti, akaongeza elfu tano:
"Ya fulana ya kijana."

Jioni tuliinua mkono wa kijiko,
nikachora mstari wa chaki pale shafti inapoingia.
Usiku huo nilisikia kila gari lililopita.

Alfajiri nilikuwa Buhongwa kabla ya wauza maandazi.
Mkono hewani. Korongo amesimama juu yake,
ameudhika kuniona.
Mstari upo palepale,
au umeshuka unywele.
Nikapiga magoti, nikautazama tena.